Mali Bila Daftari: Zana za Kidijitali kwa Mfanyabiashara Mdogo

(Maelezo yaliyotolewa kwa wajasiriamali na wakazi wa kata)



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ni wa zamani kuliko simu na kompyuta, lakini ndio unaoeleza kwa nini maduka mengi madogo hufungwa ilhali wateja wapo. Mwenye duka huuza tangu alfajiri hadi usiku, na mwisho wa mwezi hana fedha za kununulia mzigo mpya. Hakuibiwa. Mtaji umetoka kidogo kidogo kwa njia ambazo hazikuandikwa popote.

Chukua mfano wa sabuni. Muuzaji hununua katoni yenye vipande 24 kwa shilingi 36,000, yaani kila kipande shilingi 1,500. Akiuza kwa shilingi 2,000 hudhani kwamba katoni nzima imempa faida ya shilingi 12,000. Lakini bodaboda alilipwa 3,000, ada ya kutuma fedha ilikuwa 1,000, na vipande viwili vilitumika nyumbani. Vipande 22 vilivyouzwa vimeleta 44,000, na gharama zote ni 40,000. Faida halisi ni shilingi 4,000. Iwapo jirani mmoja alikopa vipande vitatu asivilipe, faida hiyo imegeuka hasara ya shilingi 2,000. Asiyeandika hawezi kuiona hasara hiyo hadi rafu zimekuwa tupu.

Zana ya kwanza, basi, ni daftari la kielektroniki. Simu janja yoyote ya kawaida inaweza kupokea programu ya majedwali, kama vile Google Sheets au Excel, bila malipo. Safu chache zinatosha: tarehe, maelezo, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, njia ya malipo, jina la mdaiwa na kiasi anachodaiwa. Programu hujumlisha yenyewe, na mwenye biashara huona kwa siku, kwa juma au kwa mwezi kilichoingia na kilichotoka. Jedwali la Google Sheets likiwekewa ruhusa ya kufanya kazi nje ya mtandao, huandikika hata pale ambapo bando limekwisha, kisha hujihifadhi mtandao unaporejea. Na kwa kuwa limefungamana na anwani ya barua pepe, simu ikipotea au ikitumbukia majini, hesabu hufunguliwa katika simu nyingine. Daftari la karatasi likiungua halina mbadala.

Asiye na simu janja asikate tamaa. Daftari la karatasi lenye safu hizo hizo, likiandikwa kila jioni, ni bora kuliko programu ya gharama kubwa inayofunguliwa mara moja kwa mwezi.

Faida ya kumbukumbu haiishii dukani. Katika jedwali la kodi ya makadirio lililoanza kutumika Julai 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, asiyetunza kumbukumbu, aliwekewa kodi ya shilingi 100,000. Anayetunza kumbukumbu alitakiwa kulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Kwa hiyo mwenye mauzo ya milioni 5 akiwa na hesabu alilipa shilingi 30,000, na mwenzake asiye na hesabu alilipa 100,000 kwa mauzo yale yale. Kwa kuwa sheria ya fedha hupitiwa kila mwaka, ni vema kila mmoja athibitishe kiwango cha sasa katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla ya kulipa.

Zana ya pili ni malipo kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na leo kila mtandao mkubwa una huduma yake. Mfanyabiashara anashauriwa kupata namba ya biashara, ile ijulikanayo kama Lipa Namba, badala ya kupokelea mauzo katika namba yake binafsi. Sababu iliyo kubwa ni kutenganisha mifuko. Fedha za duka zikichanganyika na za ada ya shule na za msiba, hakuna programu itakayoweza kuzitenganisha. Namba ya biashara pia huacha orodha ya miamala, na orodha hiyo ni ushahidi mbele ya mkopeshaji kwamba biashara ipo na inazunguka.

Hapa pana tahadhari. Wapo matapeli wanaoonyesha ujumbe wa malipo uliotungwa, wakachukua bidhaa na kuondoka. Muuzaji asitoe mzigo kwa kutazama simu ya mnunuzi. Atazame salio au orodha ya miamala katika simu yake mwenyewe. Ujumbe wa kitapeli hupelekwa kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa kupiga *106# mtu huweza kujua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, awe anajiita mhudumu wa mtandao au ndugu wa damu.

Zana ya tatu ni ya kutafuta na kuwatunza wateja. Programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, hupakuliwa bure. Huruhusu kuweka jina la biashara, mahali ilipo, saa za kazi, na orodha ya bidhaa yenye picha na bei. Mama anayeshona sare za shule anaweza kupanga wateja kwa alama: aliyeagiza, aliyelipa nusu, anayesubiri kuchukua. Maswali yanayojirudia huandikiwa jibu mara moja tu, kisha likatumwa kwa kubonyeza. Namba moja haiwezi kutumika kwa wakati mmoja katika WhatsApp ya kawaida na ile ya biashara. Mwenye simu ya laini mbili huweka laini moja kwa kila upande. Bei na iandikwe waziwazi, kwa maana mteja anayeambiwa "njoo inboksi" mara nyingi hupita akaenda kwa jirani. Na namba za wateja ni amana: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimpi mtu uhuru wa kuzigawa apendavyo.

Zana ya nne ni mifumo ya Serikali. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, jina la biashara husajiliwa kwa mtandao kupitia BRELA, na namba ya mlipakodi hutolewa na TRA bila malipo. Yeyote anayedai fedha mkononi ili "kuharakisha" aombwe kumbukumbu namba ya malipo. Asipokuwa nayo, asilipwe. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vikumbuke pia kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuonwa kwanza, na kikundi chenye hesabu zilizoandikwa hujieleza kwa urahisi zaidi.

Jambo hilo la mikopo linahitaji neno la mwisho. Zipo programu za simu zinazokopesha kwa dakika chache, zikadai riba nzito, kisha zikawatumia ndugu na wateja wa mkopaji ujumbe wa kumfedhehesha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Programu inayotaka ruhusa ya kusoma majina yote katika simu kabla ya kukopesha ni ya kuogopwa. Mkopo wa haraka umewahi kula mtaji wa miaka.

Ndugu wananchi, hakuna haja ya kuanza na zana zote nne kwa siku moja. Mwenye biashara na achague daftari, aandike kila jioni kwa siku 30 bila kuruka hata siku moja, kisha akae na familia yake watazame hesabu hizo pamoja. Hapo ndipo watakapojua ni bidhaa gani inawalisha na ni ipi inayowala. Hatua zinazofuata zitajengwa juu ya msingi huo.