Tusiyazibe Masikio Yetu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mlio hapa Nkunga na mnaotusikiliza majumbani.

Qur'ani yatufundisha kwamba njia za kumnyamazisha mtu ni nyingi. Kaumu ya Nabii Nuhu (A.S.) walitia vidole masikioni. Makureshi waliusiana wapige kelele Qur'ani isomwapo. Kelele zisipotosha, ikaja dhihaka, kisha mateso, na mwisho wakala njama ya kumwua Mtume. Izingatieni ngazi hiyo: aanzaye kwa kuziba masikio aweza kuishia kwa kumwaga damu.

Nasi tumeyaona. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, wilaya ya Mufindi, polisi walikuwa wakiwatawanya wafuasi wa Chadema. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyekuwa kazini, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye. Alizikwa katika wilaya yetu hii ya Rungwe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Msiulize marehemu alikuwa wa dini gani. Uadilifu tumeamrishwa kwa watu wote.

Sasa mtazameni Bibi Khaula binti Thaalaba. Mumewe alimtamkia maneno ya kijahilia ya kumfananisha na mgongo wa mama yake. Akaenda kwa Mtume, akajadiliana naye, asirudi nyuma. Je, alifukuzwa? La! Mwenyezi Mungu alimsikia kutoka juu ya mbingu, akateremsha Sura ya 58, iitwayo Al-Mujadila, yaani mwanamke mwenye kujadili.

Basi sisi ni nani hata tumkemee mjane aulizapo hesabu za michango mkutanoni? Au kijana aulizapo swali madrasani? Au mke asemapo, "Hapa umenidhulumu"?

Ulimi nao ni amana: uongo na kusengenya ni haramu. Lakini mwenye kukosea hujibiwa kwa hoja, hazibwi mdomo.

Ewe Mola wetu, tujaalie ndimi za kusema haki, na masikio ya kuistahimili hata ikituuma. Amin.