Hotuba ya Mgeni Rasmi, Siku ya Kisukari Duniani, Awendo



Kutaja madhara ya sukari mbele ya watu ambao karo ya watoto wao, tangu kiwanda cha South Nyanza kilipoanza kusaga mwaka 1979, aghalabu imetoka katika muwa, ni kama kumtusi mwenyeji ilhali tonge lake li mkononi; basi na ifahamike kwamba sikuja kuteta na shamba, nimekuja kuteta na kijiko.

Tazameni chupa hii ya soda, mililita 300, niliyowekewa kwa ukarimu. Ndani yake mna sukari kadiri ya vijiko vya chai vinane. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2015, lilikadiria kwamba mtu mzima asipitishe kama kumi na viwili kwa siku, na akiteremka hadi sita ni aula zaidi. Hesabuni wenyewe: chai ya alfajiri vitatu, uji wa saa nne viwili, chai ya jioni vitatu, vimetimia vinane, na soda ingali na kizibo chake.

Si kweli kwamba kila mwenye kisukari aliponzwa na ulafi, maana wako watoto ambao miili yao yenyewe huangamiza chembe za kongosho zitengenezazo insulini, nao hawana hatia yoyote. Lakini aina ya pili, ndiyo iliyoenea, hufuatana sana na unene, na utamu wa kunywa hunenepesha kimya kimya, kwa kuwa tumbo halikihesabu kinywaji kuwa chakula, hali ini hupokea kilichozidi likakigeuza mafuta. Meno siyataji, waliong'olewa wapo hapa, wanacheka kwa kufumba mdomo.

Na sukari nguru? Nilijua mtauliza, kwa jinsi vinu vyake vilivyotapakaa huku kwetu. Rangi yake ya udongo huwahadaa wengi wakaidhania dawa. Ikishaingia damuni, ni sukari ile ile.

Wauguzi wameketi chini ya hema lile. Kila aliyetimiza miaka arobaini asiondoke kabla ya kuchomwa kidole na kupimwa damu, nami nitatangulia. Na chupa hii, Mwenyekiti, tafadhali nibadilishie kwa maji.