"Mfumo Umekataa": Nani Mwenye Kujibu Programu Inapoamua?



Nimeombwa nizungumze juu ya programu zenye akili na maadili ya kazi yetu katika vyama vya akiba na mikopo. Nitaanza na kosa nililolifanya mwenyewe, kwa kuwa mengi ninayoyaamini leo yalitokana na kosa hilo.

Mwaka 2017 chama kimoja cha mjini Tanga kilinipa mkataba wa kuandika programu ya kupima waombaji wa mikopo. Ilinichukua miezi mitano. Ilikuwa programu nyepesi: inasoma daftari la akiba, hisa, marejesho ya nyuma na wadhamini, kisha inatoa alama kati ya 0 na 100. Aliyefika 60 amepita. Ndani yake niliweka kanuni moja niliyoiona ya busara kabisa. Mwanachama aliyekaa zaidi ya siku 90 bila kuweka akiba alipoteza alama zote za uendelevu, na uendelevu ulikuwa na alama 40.

Siku moja niko ofisini pale, meza ya nyuma, nahangaika na printa. Akaingia mama mmoja muuza vitumbua wa Ngamiani, mwanachama wa miaka kumi na moja, kufuatilia ombi lake la shilingi 600,000. Afisa mikopo akaingiza namba yake, akasubiri, akamwambia kwa upole, "Mama, samahani, mfumo umekataa." Yule mama hakupandisha sauti. Akauliza, "Mwanangu, huo mfumo unajua kwamba nilikuwa eda?"

Mumewe alikuwa amefariki. Alikaa ndani miezi minne na siku kumi kama dini yake inavyomtaka, jiko limezimwa, na muda wote huo hakupeleka akiba. Programu yangu ilihesabu karibu siku 130 za ukimya, ikampa alama 51. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Mama yangu mzazi nilimwona akikaa eda. Lakini nilipoiandika kanuni ile, neno eda halikunijia hata mara moja. Nilikuwa natazama tarehe, sikuwa natazama watu.

Swali la mama yule lilinisumbua kwa sababu lilikuwa limeelekezwa kwangu, na yeye hakujua. Aliuliza mfumo. Afisa mikopo naye hakuwa na la kusema, maana kanuni hakuitunga yeye na alikuwa haijui. Mtunga kanuni alikuwa hatua tano nyuma yake, ameinamia printa, na hakuna mtu mle ndani aliyegeuka kumtazama.

Naomba tuitazame sentensi yenyewe: mfumo umekataa. Kiswahili hakioni tabu kusema kitu kimekataa. Gari limekataa kuwaka, mlango umekataa kufunguka, mguu umekataa kupanda ngazi. Lakini gari likikataa kuwaka tunamwita fundi, wala hatumwambii abiria kwamba huo ndio uamuzi. Sentensi ya ofisini ni nyingine. Inatamkwa kama hukumu, na anayehukumiwa hatajiwi hakimu. Angalieni na ngeli. Mtu, ng'ombe, hata sisimizi, tunasema amekataa. Mfumo unabaki umekataa. Sarufi yetu inajua vizuri kwamba hapo hakuna mwenye roho, na sisi tunaondoka dirishani kana kwamba tumejibiwa na mwenye roho.

Sitaki mnielewe kwamba nalilia zamani. Programu ile ililetwa kwa sababu nzuri. Kabla yake kamati ya mikopo ilikuwa ikipitisha ndugu na majirani, na wapo waliotoa "chai" ili fomu zao zipande juu ya rundo. Wanachama walichoka na kujuana, na walikuwa na haki kuchoka. Ila neno hilo lina sura mbili. Kujuana ndiko kulikompa mpwa wa mjumbe mkopo asiostahili. Na kujuana ndiko kungemfanya mjumbe mwingine aseme, "Huyu mama amefiwa, nilikwenda mazikoni, msimhesabie miezi hiyo." Nilipoondoa upendeleo niliondoa na ujuzi, maana vyote viwili vilikaa katika vichwa vya watu walewale. Hakuna aliyeniomba nivitenganishe, nami sikufikiri kuvitenganisha.

Marekebisho yalinichukua nusu siku. Niliongeza sehemu ya kuandika sababu ya kusimama kuweka akiba: ugonjwa, uzazi, msiba, eda, mafuriko. Afisa anaijaza, anaweka jina lake, na alama zinarudi. Lakini kabla kamati haijakaa kuupitisha utaratibu huo, yule mama alikuwa amekwishakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, wale ambao leo tunawaita kausha damu. Chama kilipomwita, alikuwa tayari analipa riba ya wiki.

Sasa nifike kwenye programu zenye akili, ndizo zilizotukutanisha. Wengine wanaziita akili mnemba, wengine akili unde. Mimi napenda la pili kwa kuwa linanikumbusha kuunda, na kinachoundwa kina muundaji.

Tofauti kati ya programu yangu na hizi mpya ni hii. Kanuni ya siku 90 niliiandika kwa mkono, mstari mmoja. Nilipotaka kuifuta nilijua ilipo. Programu inayojifunza haiandikiwi kanuni. Inapewa kumbukumbu za mikopo ya miaka iliyopita, waliolipa na walioshindwa, nayo inajaribu maelfu ya uzito mdogo mdogo: salio liwe na uzito gani, saa ya kutuma pesa uzito gani, kiasi cha vocha uzito gani. Inaongeza hapa, inapunguza kule, mpaka makisio yake yakaribiane na yaliyotokea kweli. Mwishoni inatoa namba moja, yaani uwezekano wa mtu huyu kulipa. Ukimwuliza fundi wake kwa nini mama huyu amepata namba hii, mara nyingi hawezi kukuonyesha mstari. Jibu limetawanyika ndani ya maelfu ya uzito, na hakuna hata mmoja ulioandikwa "eda".

Mbinu ya kumpima mkopaji kwa nyayo zake za simu si ngeni kwetu. M-Shwari ilianza Kenya Novemba 2012, miaka mitano baada ya M-Pesa, na M-Pawa ikaja Tanzania mwaka 2014. Mtu asiye na hati ya nyumba wala barua ya mwajiri alipimwa kwa matumizi yake ya simu, akapata mkopo dakika hiyohiyo. Hilo ni jema, na nimeona ndugu zangu wakinunua dawa kwa mkopo wa namna hiyo usiku wa manane. Nisilolikubali ni kuamini kwamba kwa sababu programu haina mpwa, basi haina upendeleo.

Chukueni kumbukumbu zetu wenyewe. Zina watu waliokopeshwa tu. Aliyekataliwa mwaka 2010 kwa kuwa hakuwa na mjomba kwenye kamati hayumo, kwa hiyo programu haitajua kamwe kwamba angelipa. Inajifunza ulimwengu ulioachwa na kamati ileile tuliyoikimbia. Na msidhani mtaitibu kwa kufuta safu ya jinsi au ya dini. Mama lishe anaweka elfu mbili kila jioni, mwenye duka anaweka laki mbili kila Jumatatu. Programu itawatofautisha bila kuambiwa nani mwanamke. Ukificha dini, mauzo ya mchana yanayoshuka kila Ramadhani yatasema.

Wapo watakaoniambia kwamba makosa ya namna hii yanatoka huku kwetu, kwenye kumbukumbu chafu na mafundi wachache. Basi tuitazame Uingereza. Mwaka 1999 Shirika la Posta la nchi hiyo lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Haukuwa na akili yoyote ya kujifunza. Ulikuwa wa kujumlisha na kutoa. Ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wasimamizi wa matawi, wengi wao wenye maduka madogo vijijini, walidaiwa kwa mkataba wajaze pengo kutoka mifukoni mwao. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, ulaghai au kughushi hesabu. Seema Misra alifungwa Novemba 2010 akiwa mjamzito. Sheria za Uingereza zilianza na dhana kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na muuza duka angethibitishaje? Desemba 2019 jaji wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro, na hukumu za wengi zilifutwa kwa sheria maalumu ya Bunge Mei 2024. Miaka ishirini na mitano, katika nchi yenye wanasheria na wahandisi wa kila namna.

Nililichagua tukio hilo makusudi, kwa kuwa programu ile ilikuwa ya kawaida. Kilichowafunga watu ni imani ya wakubwa kwamba mashine haikosei, pamoja na raha ya kutokuwa na mtu wa kulaumiwa. Kadiri programu inavyokuwa hodari ndivyo imani hiyo inavyoota mizizi. Programu inayokosea kila siku hufanya watu waikague. Inayopatia mara tisini na tisa, hakuna atakayekagua ile ya mia, na huenda ya mia ndiyo ya mama wa vitumbua.

Mwenye maneno mazito juu ya hili, kwa maoni yangu, alikuwa Joseph Weizenbaum. Alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi, wakaikimbia Ujerumani ya Hitler na kufika Marekani mwaka 1936. Kabla ya kufundisha alishiriki kuunda mojawapo ya mifumo ya mwanzo ya kompyuta za benki, kwa hiyo alikuwa mtu wa kazi kama yetu. Akiwa chuo kikuu cha MIT aliandika ELIZA, programu aliyoitangaza mwaka 1966, ambayo iligeuza maneno ya mtu kuwa swali na kumrudishia, kama afanyavyo daktari wa nafsi. Haikuelewa kitu. Hata hivyo katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba atoke chumbani. Weizenbaum alishtuka, na mwaka 1976 akachapisha kitabu kizima cha kutetea wazo moja: yapo mambo ambayo kompyuta haipaswi kuachiwa hata kama inayaweza. Kompyuta huamua kwa hesabu. Kuchagua, kwake, ni kazi ya mtu aliyeishi, aliyefiwa, aliyeona haya.

Nami nasimama hapo. Baada ya siku ile nililala vibaya kwa muda mrefu. Programu yangu haikukosa usingizi, na hizi za leo, zinazoandika barua nzuri na kuomba radhi kwa adabu, hazikosi usingizi pia. Radhi ya asiyeweza kujuta haimlipii mtu riba ya kausha damu. Deni la uamuzi mbaya lazima limwangukie mwenye uso.

Sheria zimekwishatufungulia njia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine peke yake, isipokuwa kwa masharti yaliyotajwa, na pia kuomba uamuzi huo utazamwe upya. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inamruhusu mtu kudai kwamba uamuzi unaomgusa usiachiwe mashine tu. Lakini nani kati ya wanachama wetu anajua kwamba ana haki hiyo? Tunawasomea katiba ya chama siku ya kujiunga. Hii hatuwasomei.

Ndugu washiriki, wauzaji wa programu hizi wanapita ofisini kwenu, na wengine mtawakuta mkirudi. Msiwafukuze. Waulizeni nani atakuwa na uwezo wa kubadilisha uamuzi wa programu yao, na ndani ya muda gani. Wakisema haiwezekani, msitie saini. Na kwenye fomu zetu za mikopo, chini ya sehemu ya majibu, naomba tuongeze mstari mmoja: jina na simu ya afisa anayewajibika kwa uamuzi huu, awe amekubali au amekataa. Mstari huo hauhitaji bajeti wala fundi. Naomba bodi zenu ziupitishe kabla ya mkutano mkuu wa mwaka huu.