Kabla ya kuweka taa zetu kwenye intaneti
(Maneno ya kikundi cha mafundi mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)



Kila siku mnatuuliza: zile taa za sola mtaanza kuziuza lini kwenye intaneti? Tunajua haraka inatoka wapi. Minerval ya watoto inangoja, na franka tulizonunulia vipuri ni za sanduku letu sisi wote. Hata hivyo tunaomba majuma matatu mengine.

Taa yetu mnaijua. Ndani yake iko betri iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, ile ya mviringo yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri hiyo ndiyo roho ya taa, na hatari yake iko humohumo. Ikijaa inafika volti 4.2, kuipitisha hapo ni kutafuta moto. Ile tunayoikuta imeshuka chini ya volti 2 tunaiweka pembeni, hata kama inakubali kuchajiwa. Na kadi ya kuchajia tunanunua yenye ulinzi. Iko nyingine ya bei ndogo isiyo na ulinzi. Tumeikataa, kwa sababu taa hii italala karibu na chandarua cha mtoto.

Kisha kila betri tunaijaza, tunaiwasha mpaka iishe, tunahesabu saa. Betri mpya ya mAh 2000, kwa taa inayokula mA 200, kwenye karatasi inatoa saa 10. Zetu zimeshatumika: moja inatoa saa 7, nyingine 4. Ya saa 4 haiendi kwa mnunuzi. Kwenye tangazo tutaandika saa 6. Wako waliosema tuandike 10, eti wauzaji wengine wanafanya hivyo. Hapana! Mtu wa mtandaoni hashiki taa mkononi, anashika maneno yetu tu. Picha nazo zitakuwa za taa zetu wenyewe, moja usiku ikiwaka, moja ikiwa imefunguliwa ili betri ionekane, na tutasema wazi kwamba ni ya zamani.

Ndugu zetu walioko Marekani na Kanada wanataka tuwatumie. Hilo ni gumu. Tangu 2016 betri za lithiamu zikiwa peke yake hazipakiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na hata zikiwa ndani ya chombo zinadaiwa karatasi ya majaribio yanayoitwa UN 38.3. Sisi wa betri za kuokota karatasi hiyo tutaitoa wapi? Basi tumepanga hivi: ndugu wa mbali analipa, taa inafikishwa kwa mama yake hapa Baraka, Fizi ama Uvira. Mama akikubali, tunamtumia mtoto wake picha. Wa hapa watalipa kwa M-Pesa ama Airtel Money.

Bei bado, maana lazima ibebe pikipiki ya kupeleka na taa za kubadilisha: ikizimika ndani ya miezi 3, tunatoa nyingine, na hatutaki hasara hiyo iangukie sanduku.

Tunachokosa sasa ni kipimo cha pili cha volti. Na mwenye betri ya kompyuta iliyokufa atuletee nzima, asiitoboe, asiiache juani.