Siku Sitini za Mwenye Rehani
Mfanyabiashara wa Tunduma, ambaye riziki yake hutegemea malori yavukayo kwenda Nakonde, aghalabu hana dhamana ya kuombea mkopo ila nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali. Na biashara inapodorora, marejesho yakamshinda, huona haya hata kumwarifu mkewe, akangoja mpaka dalali wa mnada apige hodi. Kungoja huko, kwa rai yangu, humwangamiza kuliko riba yenyewe. Kwani Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyorekebishwa mwaka 2008, humlazimu mkopeshaji kumpa mdaiwa ilani ya siku 60, na akiuza, auze kwa bei bora ipatikanayo. Ikipungua asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, ni juu ya mkopeshaji kujitetea. Tena nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani pasipo ridhaa ya mwenzi (na hapo wangapi walioghushi saini!). Basi siku hizo 60 ni za kuomba marejesho yapangwe upya, ama kutafuta mnunuzi kwa hiari kabla ya mnada. Na aliyekwisha kuuziwa nyumba yake, akahamia chumba cha kupanga Mpemba au Vwawa, adai hesabu ya mauzo, kwa kuwa kinachosalia baada ya madeni na gharama ni haki yake.