Meli Haingoji, na Dereva Hana Budi Alale

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Kianda, Kibera)



Tumeombwa tuseme juu ya kazi moja ambayo wengi wenu mwaiona kuwa ni bahati, yaani kumchukua abiria Nairobi na kumpeleka Mombasa, bandari ya Kilindini, akapande meli ya watalii. Jirani akituona tunaosha gari usiku pale kando ya Kibera Drive husema, "Huyo leo amepata." Sisi tunaoifanya kazi hiyo twataka mjue tunapata nini, tunapoteza nini, na tumekata shauri kudai nini.

Najua wengine wenu ni walinzi, wapishi, wafuaji nguo wa hoteli, na mtasema jambo hili ni la madereva peke yao. Sikilizeni kwanza, kisha mtaamua wenyewe.

Meli za watalii huja Kilindini zaidi wakati wa kaskazi, toka Novemba hadi Machi au Aprili. Kazi hii si ya kutegemea. Mwaka 2005, mwezi wa Novemba, meli iitwayo Seabourn Spirit ilishambuliwa na maharamia karibu na pwani ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, ikageuza njia ikaenda Shelisheli. Miaka iliyofuata maharamia walizidi, na meli nyingi za watalii zikaacha kuja kwetu. Tena mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulizizuia meli hizo ulimwengu mzima. Sasa zinakuja tena, na Kilindini kuna jengo la kuwapokea abiria wake. Kwa hiyo msimu ukifika, kila mtu mwenye gari huikimbilia kazi hii, na hapo ndipo tunapopunjwa.

Abiria ana njia kadhaa za kufika. Anaweza kupanda ndege hadi Mombasa, akachukua teksi. Anaweza kupanda treni ya Madaraka, iliyoanza mwaka 2017, lakini treni hiyo humshusha Miritini, nje ya kisiwa, na pale pia lazima atafute usafiri mwingine. Au anaweza kukodi gari kutoka mlangoni kwake Nairobi hadi bandarini. Wenye mizigo mingi, wenye watoto na wazee, na wale wanaotaka kupita Tsavo kuona ndovu, hupenda gari. Mwenye fedha hukodi limuzini, mwingine hukodi Noah, mwingine gari dogo. Lakini awe amekaa juu ya ngozi au juu ya kitambaa kilichochanika, barabara ni ile ile, na anayeshika usukani ana macho mawili tu.

Barabara yenyewe twaijua. Toka Nairobi hadi Mombasa ni kilometa zipatazo 480. Ukitoka hapa Kianda unaingia barabara ya Southern Bypass, unaifuata hadi Mombasa Road, kisha Mlolongo na Athi River. Halafu Salama, Sultan Hamud, Emali, na Makindu, pale penye hekalu la Masingasinga ambapo msafiri yeyote hupewa chakula bila malipo. Kisha Kibwezi na Mtito Andei, karibu nusu ya njia. Baadaye Voi, Maungu, Mackinnon Road, Samburu, Mariakani, Mazeras, hadi Changamwe na daraja la Makupa. Njia nzima unaandamana na malori ya bandarini. Lori moja likianguka mlimani, mtakaa hapo pamoja hadi liondolewe.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Gari la abiria haliruhusiwi kupita mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Gawanya 480 kwa 80, utapata saa sita. Lakini hakuna mtu aliyepata kwenda saa sita, kwa kuwa kuna miji, malori, polisi, mafuta na haja za abiria. Saa nane ni safari njema. Kumi si ajabu. Na Sheria ya Trafiki, kwa kifungu kilichoongezwa mwaka 2012, yasema kwamba dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya saa nane kwa jumla katika saa 24.

Maana yake ni hii, ndugu. Dereva akifika Kilindini amekwisha kula saa zake zote za siku ile. Kurudi Nairobi usiku ule ule ni kuvunja sheria, na tena ni kucheza na roho yake. Lakini bei tunayopewa ni ya kwenda tu, kana kwamba gari litabaki Mombasa likaoa huko.

Tuwaeleze yaliyompata mwenzetu mmoja, mkazi wa hapa hapa Kianda. Ofisi moja ya safari mjini ilimpigia simu jioni: kuna baba, mama na watoto wawili, wanatakiwa bandarini kesho, wachukuliwe hotelini saa kumi alfajiri. Mwenzetu hakuwa ametimiza hesabu ya tajiri mwenye gari, basi akaendelea na kazi ya mjini hadi saa sita usiku. Akalala saa tatu tu. Saa tisa akaamka, akatembea kwa tochi ya simu kupita vichochoro hadi gari lilipolazwa, akamlipa mlinzi, akaenda.

Njiani Salama palikuwa na ajali, wakangoja. Yule mama akawa anatazama saa kila dakika, watoto wanalia. Walifika bandarini saa tisa alasiri, na mlango wa meli ulikuwa karibu kufungwa. Wakakimbia na mifuko. Abiria wale walifurahi, wakamshukuru, wakampa bakshishi. Wao hawakuwa na kosa. Hata wao waliambiwa na ofisi kwamba muda unatosha.

Mwenzetu alitaka kulala Mombasa. Simu ikalia: kuna mgeni wa kupokea uwanja wa ndege Nairobi kesho saa mbili asubuhi, rudi leo. Akauliza fedha za kitanda. Akaambiwa bei ilikwisha patanwa. Saa kumi na moja akaianza njia ya kurudi. Mbele ya Maungu, saa tatu usiku, baada ya kuwa macho saa kumi na nane, usingizi ukamchukua. Gari likaacha lami likaingia vichakani. Mungu alisaidia, hakuna lori lililokuwa likija. Alivunjika mkono, na gari likakaa gereji miezi miwili.

Ofisi ile ilisema nini? Ilisema, "Wewe si mfanya kazi wetu. Ulikubali safari kwa hiari yako." Mwenye gari alisema nini? Alitaka hesabu yake. Mke wake ndiye aliyelisha nyumba kwa kuuza chapati, na sisi tukachanga tulichoweza. Hatusemi haya ili mlie. Twayasema kwa sababu kila dereva aliyekaa hapa anaweza kusimama akasema, "Hata mimi nilisinzia pale pale." Tofauti ni kwamba yeye alianguka na sisi bado.

Kuna wanaosema, "Mkidai fedha ya kitanda, abiria atakwenda kwa mwingine." Hoja hii ni ya kweli, wala hatuipuuzi. Mtu aliye na kodi ya nyumba kesho hukubali bei yoyote. Lakini pigeni hesabu tena. Gari linalokwenda kilometa 10 kwa lita moja hunywa lita 48 kwenda na lita 48 kurudi, jumla lita 96. Anayekubali bei ya kwenda tu hulipa mafuta ya kurudi kwa jasho lake. Toa hesabu ya tajiri ya siku mbili, toa chakula, na kama kazi imepitia kampuni ya simu, toa sehemu yao. Kanuni za mwaka 2022 zasema kampuni hizo zisikate zaidi ya asilimia 18. Baada ya hayo yote, mwenzetu anayejisifu kuwa amepata safari ya Mombasa hurudi Kianda na fedha ambazo angeweza kupata kwa kubeba watu wa Ngong Road mchana mmoja. Tena hurudi akiwa mgonjwa.

Jambo ambalo abiria hajaambiwa ni hili: usingizi wa dereva ndio usalama wa abiria, na ndio njia ya kuiwahi meli. Abiria akiondoka Nairobi siku moja kabla ya meli, hata lori likianguka Salama, ana usiku mzima wa akiba. Atalala Mombasa, dereva naye atalala, na asubuhi watakwenda Kilindini bila mbio. Meli haingoji mtu. Nahodha hamjui mwenye tiketi aliyekwama Mtito Andei. Kwa hiyo tukimwambia abiria, "Safari hii ni ya siku mbili," hatumwibii. Twamtengenezea.

Yako mambo mengine ya kumwonya. Saa kwanza. Mgeni akitaja nane ya asubuhi kwa saa yake, kwetu ni saa mbili. Wako waliofika saa nane mchana, na mgeni amekwisha kukata tamaa. Tena meli yaweza kufuata saa ya bandari iliyotoka. Shelisheli wametutangulia kwa saa moja. Andikeni saa kwenye karatasi, mwulize mgeni: ni saa ya meli au ni saa ya Kenya? Na yule anayetoka hoteli za Diani, mkumbusheni kwamba foleni ya feri ya Likoni haina ahadi. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu ya kuizunguka.

Ndugu, si sisi wa kwanza kusimama juu ya mambo kama haya. Mwaka 1949 madereva wa teksi wa Nairobi waligoma kuzipinga kanuni mpya za manispaa, na Fred Kubai alikuwa kiongozi katika chama chao. Serikali ya wakoloni haikuwapenda. Mwaka uliofuata Kubai na Makhan Singh walikamatwa. Na huko Mombasa kwenyewe, mwezi wa Januari 1947, wapagazi wa bandari na wafanya kazi wengine kwa maelfu waliacha kazi. Mwaka 1955 wapagazi waligoma tena, Tom Mboya akasaidia kuleta mapatano. Wapagazi wale walijua siri moja ambayo sisi tumeisahau: ni kweli meli haingoji, lakini pia meli haijazi tumbo lake bila mikono ya watu. Haraka ya tajiri ndiyo nguvu ya mfanya kazi, kama wafanya kazi ni kitu kimoja.

Kwa hiyo madereva tuliokutana tumekata shauri hivi, na twaomba mkutano huu utuunge mkono:

1. Safari ya kwenda Kilindini ihesabiwe siku mbili. Bei iwe na mafuta ya kwenda na kurudi, kitanda cha dereva na chakula chake, vitajwe kimoja kimoja kabla gari halijaondoka.

2. Dereva aliyekesha kazini mjini asichukue safari ya Mombasa alfajiri. Ampe mwenzake, na mwenzake atamlipa kwa kumpa ya kesho.

3. Anayetaka kufika na kurudi siku moja alete madereva wawili na awalipe wote wawili.

4. Wenye magari waitwe, tukae nao, hesabu ya siku ya safari ndefu ipatanwe. Wengi wao si watu wabaya. Wengine wana mkopo shingoni. Lakini gari lililolala gereji miezi miwili halimletei mwenye gari hata senti moja.

5. Uwekwe mfuko wa ajali, kila dereva atoe kidogo kila juma, ili mke wa mwenzetu asiachiwe karai la chapati peke yake.

Sasa twarudi kwenu, walinzi, wapishi na wafuaji nguo. Mlinzi naye huambiwa alinde usiku na mchana kwa kuwa mwenzake hakuja. Mpishi wa hoteli huambiwa wageni wamezidi, basi asiende nyumbani. Huambiwa maneno yale yale: "Ulikubali mwenyewe." Je, mtu mwenye njaa akikubali, amekubali kweli? Tukikataa sisi kuuza usingizi wetu bure, itakuwa rahisi kwenu kukataa. Mkikataa ninyi, mtatutia sisi nguvu.

Msimu wa kaskazi ukifika, simu zitalia tena hapa Kianda. Wa kwanza atakayepigiwa atajaribiwa. Ataambiwa, "Ukikataa, yuko mwingine." Basi twaomba neno moja tu: huyo mwingine awe amekaa katika mkutano huu, na jibu lake liwe lile lile.

Umoja ni nguvu.