Maji ya Kisima na Meno ya Watoto Wetu



Hapa kwetu Nakuru watoto wetu huambiwa shuleni kwamba meno yao yana rangi ya udongo kwa sababu hawapigi mswaki. Sisi wazazi tulinyamaza, tukaona haya. Leo twataka kusema kwamba si uchafu. Ni floridi.

Floridi hutoka katika mawe ya volkano ya Bonde la Ufa, ikayeyuka katika maji ya chini. Jino na mfupa vimejengwa kwa kalsiamu na fosfeti, na katikati mna nafasi za chembe ndogo za oksijeni na hidrojeni. Floridi ikifika huziondoa chembe hizo na kukaa mahali pake, kama abiria anayemwondoa mwenziwe kitini. Behewa ni lile lile, lakini aliyemo si yule. Ikiwa kidogo ina faida, maana gamba la jino hustahimili asidi inayotoboa meno. Ndiyo sababu hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi wakati jino la mtoto lingali likijengwa ndani ya ufizi, yaani kabla ya miaka 8 hivi, gamba hubaki na vitundu vidogo vidogo, kisha hushika rangi. Hapo mswaki hauna kazi.

Sisi wakubwa tusicheke. Meno yetu yamekwisha kujengwa, bali mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na floridi huingia humo. Baada ya miaka mingi ya maji hayo mfupa huwa mzito lakini huvunjika upesi, kano za viungo hukakamaa, na mgongo haupindiki. Mtu wa kuinua mataruma atafanya kazi gani na mgongo huo?

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: mvuke huenda zake, floridi hubaki. Maji ya mvua karibu hayana. Kadhalika mkaa wa mifupa ya ng'ombe huyachuja, kwa kuwa mfupa ule huikamata floridi kabla ya mifupa yetu; Dayosisi ya Katoliki imetengeneza vichujio hivyo hapa hapa Nakuru.

Tulimwomba mwenye kazi tangi moja la mvua kwa kila safu ya nyumba. Tukajibiwa maji ni safi, hayana wadudu. Basi twaomba, Bwana Mwenyekiti, chama kidai maji yale yapimwe floridi, na karatasi ya kipimo ibandikwe ubaoni, tuisome wenyewe.